Garanti Mbili kwa Mlango Mmoja

Chadrack alivua kofia yake ya mgodini kabla ya kufungua mdomo, na Honorine, mwenye nyumba wake, akajua kwamba neno linalokuja si dogo. Mara ya mwisho alipomvulia kofia ilikuwa siku ya kilio cha Émile, mume wake.

"Mama, kampani imetupatia nyumba kule Kinsevere, karibu na kazi. Tarehe moja tunahama, miye na bibi yangu. Njo nilikuya kukuambia mapema, unitengenezee garanti yangu."

"Mungu asifiwe, mwanangu," Honorine akajibu, maana ndivyo mtu anavyojibu mwenzake akipata nyumba. "Ni mia sita, si ndiyo?"

"Mia sita, mama. Miezi sita, mia mia. Karatasi iko."

Akavaa kofia yake akaenda zake. Honorine akabaki mlangoni ameshika ufagio, wala hakufagia tena asubuhi ile.

Kwetu Lubumbashi hupewi ufunguo wa nyumba hivihivi. Unalipa garanti kwanza, miezi mitatu ukikutana na mwenye huruma, miezi sita mara nyingi, na siku unayohama unarudishiwa yote. Bayeri, maana ndivyo tunavyomwita mwenye nyumba, anatakiwa kuiweka. Lakini ni nani anayeiweka? Inaingia kwenye mabati, kwenye karo, kwenye jeneza. Basi mpangaji akiaga, bayeri anakimbia kutafuta mwingine, na garanti ya huyu anayeingia inamlipa yule anayetoka. Katuba nzima inaishi hivyo, mlango kwa mlango, na mara nyingi inapita salama.

Garanti ya Chadrack, Honorine alikuwa ameila zamani. Iliingia hospitali pamoja na Émile. Ilipokwisha, akaenda banki akakopa dola elfu mbili na mia tano kwa ajili ya operesheni, alipe mia moja themanini kila mwezi, miezi kumi na minane. Karatasi za parseli, yaani kiwanja na nyumba yake, zikaingia katika kabati la banki. Émile akapasuliwa, akarudi nyumbani akiongea vizuri, akala ugali na mboga ya matembele siku tatu, na Jumapili ya Matawi akafa. Deni halikufa naye. Kilio kikala mtaji wa maharagi aliyokuwa akiuza sokoni, gunia baada ya gunia, na mwaka haujakwisha Honorine alikuwa anapanga maharagi yake kwa vikombe juu ya kitambaa kidogo, yeye aliyekuwa na meza mbili. Binti yake Emmanuella yuko Kolwezi na mume asiye na kazi na watoto wanne. Kila akipiga simu anauliza, "Mama, unakula?" na Honorine anasema ndiyo.

Siku ileile akavaa kitenge chake cha Jumapili akaenda banki.

Kijana aliyeshughulikia dosie yake, faili la deni, aliitwa Rodrigue. Umri wake ni wa kuzaliwa na Honorine, lakini banki ni banki, alimwita papa.

"Papa Rodrigue, nilikuya kuomba muningoje mwezi moja tu."

Rodrigue akaangalia mashine yake, akafuta miwani, akaangalia tena, kama mtu anayetumaini kwamba hesabu itabadilika.

"Mama, hii miezi mbili haukulipa. Wa tatu ukipita bila kitu, dosie haibakie kwangu. Inapanda juu, kwa bale ba sheria. Kule miye sina sauti."

"Na kule banafanyaka nini?"

"Banauzishaka."

Alisema kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomwogopesha Honorine. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Sikiya, mama. Ningekuwa mutoto wako ningekuambia hivi: uza weye mwenyewe. Parseli ya Katuba leo iko na bei. Unalipa banki, inabaki kitu, unanunua kiwanja kule nyuma ya Kasapa, unajenga polepole. Ukiuza weye, utauza kwa bei. Tukiuza shiye..."

Honorine akamshukuru, akatoka, akarudi kwa miguu ili kulinda nauli.

Njiani aliyageuza maneno yale. Hayakuwa maneno ya adui. Mtu mwenye akili angeuza. Lakini Rodrigue hakuijua ile parseli siku walipoipata, yeye na Émile, vijana bado. Katikati yake kulikuwa na kichuguu kirefu kupita mlango wa kanisa, na majirani walikuja kucheka: mumeuziwa mulima! Émile, aliyekuwa mwashi, akakizunguka mara mbili, akakipiga kwa kiganja, akasema, "Hii njo nyumba yangu. Iko tu imesimama mubaya." Akaanza kukikata. Udongo wake akaufyatua matofali, akayachoma palepale, na kichuguu kikahama kidogo kidogo hadi kikawa vyumba vitatu na sebule, kisha aneksi ile ndogo ya nyuma, anamopanga Chadrack. Kilichobaki ni kisiki cha udongo karibu na choo, kimo cha kiti. Honorine huketi hapo asubuhi akisali. Auze hicho kwa nani? Na banki wakimwachia dola ngapi, akajenge Kasapa na mwashi gani?

Akaamua kutouza. Akamwita Ephraïm.

Ephraïm ni komisyonere. Kazi yake ni kujua nyumba gani inatoka na nani anatafuta, na kukata ijara yake katikati. Siku ya nne alisimama uani na mwanamke kijana, mwembamba, aliyebeba mkoba kifuani kama mtoto mchanga.

"Mama bayeri! Nimekuletea mupangaji sukari! Hana mbwa, hana kelele, hana bwana mulevi!"

"Bwana niko naye, papa Ephraïm," yule mwanamke akasema. "Eko Mokambo, anauzisha."

"Si njo nimesema? Eko Mokambo. Hata akilewa, utasikia weye?"

Wote wakacheka, hata Honorine. Mwanamke aliitwa Deborah, mshonaji. Alizunguka aneksi, akagusa ukuta, akapima kwa macho mahali pa kuweka cherehani karibu na dirisha. Kisha akafungua mkoba akahesabu mia sita, noti kwa noti, akizinyoosha moja moja.

"Ni likelemba yangu, mama," akasema. "Tuko bamama kumi na mbili. Zamu yangu ilikuwa ya kumi na moja. Nilingoja miezi kumi na moja."

Honorine akapokea kwa mikono miwili. Wakaandika karatasi: Deborah ataingia tarehe moja, siku ya Jumamosi. Mpaka hapo hakuna kosa lolote. Kama Chadrack angekuwa nyumbani mchana ule, Honorine angevuka uani akamtia mia sita mkononi, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini Chadrack alikuwa Kinsevere, kazini kwa siku kumi, na feza ya namna hiyo humpi mke wa mtu bila mume wake kuona. Honorine akaifunga katika pindo la kitenge akalala nayo.

Ijumaa simu ikalia. Ilikuwa Rodrigue.

"Mama, Jumatatu asubuhi dosie inapanda. Nimeichelewesha mpaka nimeogopa. Kama uko na kitu, kuya leo."

Alisimama na simu sikioni baada ya Rodrigue kukata. Kiunoni alihisi lile fundo. Akasema kwa sauti, "Bwana, hii si yangu." Akavaa viatu.

Kwenye dirisha la banki, msichana alihesabu mia tano na arobaini, miezi mitatu, halafu akarudisha noti moja ya ishirini.

"Hii imepasuka, mama."

"Wapi, mwanangu?"

"Hapa." Mpasuko ulikuwa mdogo kama kucha ya mtoto. "Hatuipokee."

Akatoka kwa wabadilishaji wa feza waketio njiani, nao wakampa kumi na nne kwa ile ishirini, akaongeza kutoka zile zilizobaki, akarudi, akapata karatasi yenye muhuri; kilichobaki kikaenda kwa ijara ya Ephraïm. Nyumba ilikuwa imepona. Alipokuwa akishuka ngazi za banki, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe hakujua ashukuru au aombe msamaha. Jumapili hakutoa fungu la kumi. Aitolee fungu feza ya Deborah? Na kwenye kundi la sala ya akina mama, ambalo yeye ndiye hulifungua, aliomba mwingine afungue. Alisema koo linamuuma.

Chadrack akarudi. Honorine akamwambia angoje kidogo.

"Mama, weye ni mama yangu," Chadrack akasema, macho chini. "Lakini bibi anakatala. Tutahama wakati garanti iko mukononi. Mpaka pale ufunguo nabaki nao."

Hapo akaona alipojifungia. Asipomlipa Chadrack, Chadrack hatoki. Chadrack asipotoka, Deborah haingii. Na Deborah alingoja miezi kumi na moja.

Jumanne akaenda kwa Mama Mbambu kuomba gunia moja la maharagi kwa mkopo. Mama Mbambu ni mtu wa Butembo, mwanamke wa maghala na malori, mwenye kusali na mwenye kuhesabu, na hachanganyi mambo hayo mawili. Hakumkopesha gunia. Badala yake akasema:

"Nasikia ule mutu wa mgodi anatoka mu aneksi yako. Niko natafuta nafasi ya Adrien, mutoto wa kaka yangu, na chumba cha kuweka magunia. Natoa mia na makumi mbili kwa mwezi. Garanti miezi sita, leo hii. Ataingia tarehe tano."

Honorine alifungua mdomo aseme imekwisha kuchukuliwa. Neno lile lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini alichosikia kikitoka ni, "Iko, mama."

Alijiambia kwamba kutoka tarehe moja hadi tarehe tano kuna siku nne, na Mungu ameshafanya makubwa katika siku chache kuliko hizo. Akatia sahihi. Dola mia saba na ishirini. Mia sita akampa Chadrack jioni ileile, mbele ya mkewe, na Chadrack akamrudishia ufunguo akambusu mkono. Mia na ishirini akanunua gunia la maharagi, apate hata kitu cha kuuza. Kisha akaketi kwenye kisiki chake cha udongo, na sala haikuja.

Jumamosi tarehe moja, Chadrack akiwa amekwisha kuhama, Deborah alifika mapema, cherehani juu ya mkokoteni, magodoro mawili, sufuria. Ephraïm alitembea mbele akisafisha njia kana kwamba analeta bibi arusi. Walikuwa bado kushusha cherehani wakati lori lilipopiga honi mlangoni. Juu yake magunia. Mbele yake Mama Mbambu.

"Lori imefika mbele ya siku," Mama Mbambu akasema akishuka. "Nikasema, juu ya siku ine siwezi kulipa ghala ingine. Adrien, fungua nyuma." Ndipo akaona cherehani. "Huyu anatoka ao anaingia?"

"Naingia, mama," Deborah akasema. "Niko na karatasi."

"Karatasi gani? Njo hii yangu."

Wakaziweka karatasi pamoja juu ya cherehani. Mwandiko mmoja, sahihi moja, aneksi moja. Ephraïm akainama kuzisoma, akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Mama bayeri, hata miye, na uwongo yangu yote, sijauzishaka mulango moja kwa batu babili."

Hakuna aliyecheka. Deborah akaketi chini palepale, juu ya godoro. "Miezi kumi na moja," akawa anasema. "Miezi kumi na moja, mama. Nilikuambia."

Mama Mbambu hakupiga kelele. Alimtazama Honorine kutoka kichwani hadi miguuni, polepole.

"Si weye njo unafunguaka sala ya bamama?"

Majirani walikuwa wameanza kusimama kwenye ukuta. Honorine alikuwa na maneno aliyoyapanga usiku kucha. Angemwambia Deborah kwamba ukuta una unyevu, apewe wiki mbili. Angemwambia Mama Mbambu kwamba Chadrack amekataa kutoka. Alitazama ukuta wa aneksi, matofali ya Émile, makavu, mazuri, na hakuweza kuusingizia unyevu.

"Nimekula," akasema. "Za Deborah zilikwenda banki, juu ya deni ya ugonjwa wa Émile. Za Mama Mbambu zilikwenda kwa Chadrack. Gunia moja nilinunua, njo ile ku mulango. Hapa sina hata dola moja. Njo ukweli, ingine hakuna."

"Basi turudishie!" mtu akapaza sauti ukutani.

"Anyamaze ule," Mama Mbambu akasema bila kugeuka. "Haiko feza yake."

Honorine akapeleka mkono kiunoni. Akatoa ufunguo wa aneksi akampa Deborah. Kisha akatoa mwingine, mkubwa, wenye uzi mwekundu ambao Émile aliufunga mwenyewe.

"Deborah aliandika wa kwanza. Aneksi ni yake. Mama Mbambu, weye ingia mu nyumba kubwa."

"Na weye?"

"Nitatafuta."

Mama Mbambu akaingia. Walimsikia akipita chumba kwa chumba, viatu vyake vikigonga saruji. Akatoka akifuta mikono.

"Hii haiko nyumba ya mia na makumi mbili. Siko mwizi. Naongeza makumi sita, inakuwa mia na makumi nane. Ile ya banki ni ngapi kwa mwezi?"

"Mia na makumi nane."

"Miezi ngapi inabakia?"

"Kenda."

"Basi. Lakini mu mukono yako siweki. Nitalipa miye mwenyewe kule banki, na karatasi nitachunga miye. Samahani, mama. Leo siwezi kufanya vingine."

"Ni haki," Honorine akasema. Alisema kweli, na lilimuuma kuliko kama angepigwa kofi mbele ya ukuta ule mzima.

Vitu vyake havikuchukua muda. Godoro, mbabula ya kupikia, kitabu cha sala, nguo, picha ya Émile, gunia lile. Deborah akampa nafasi ya kuviweka chini ya dirisha la aneksi, na akamlipa mia moja ya mwezi wa kwanza, akiwa bado na machozi mashavuni. "Chukua, mama. Usiku utalala wapi?" Honorine alimshika kichwa kama anavyomshika Emmanuella.

Ephraïm akamfuata njiani.

"Mama, kuko chumba kule chini, kwa mujane moja. Tuende. Leo natembea bure, usiambie batu, bataniharibia kazi."

Mjane aliitwa Mama Edith, mzee kidogo kuliko Honorine, ameketi kwenye benchi mbele ya nyumba iliyofifia rangi. Chumba kilikuwa cha pembeni, mlango umesindikwa. Ndani redio iliimba.

"Makumi tatu kwa mwezi," Mama Edith akasema. "Garanti miezi sita. Leo, kama inawezekana. Leo, mama."

Honorine alisikia lile neno la pili, leo. Akaangalia nafasi iliyoachwa na mlango. Aliona kigauni cha mtoto kikining'inia kwenye msumari, na mbabula yenye makaa bado mekundu.

"Mama Edith," akauliza, "huyu aliye ndani, garanti yake ameisha kupata?"

Mama Edith akatazama mikono yake. Akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Ulijuaje?"

Honorine akasogea. Akaketi kando yake kwenye benchi, akafungua pindo la kitenge, akaiweka ile mia moja kati yao wawili juu ya ubao.

"Njo hii tu niko nayo. Usinipe ufunguo. Umupe feza kwanza huyu wa ndani, miye nione kwa macho yangu. Akiisha kutoka, nitaingia."

"Anadai mia na makumi nane," Mama Edith akasema taratibu. "Hapa inakosa makumi nane."

"Ndiyo, mama. Inakosa."

Ephraïm alisimama mbele yao na kofia mkononi, akiangalia barabara. Hakuna aliyeigusa feza. Ndani ya chumba, mtu akazima redio ili asikie vizuri.